Sera ya nje hupitia mikononi mwa makuli

BARAZA LA ALHAMISI
Na Rehema Mwachala

Aprili 12, 2008, Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alikuwa Harare na mwenzake Robert Mugabe, akawaambia waandishi wa habari kwamba Zimbabwe hakuna mgogoro. Wazimbabwe walikuwa wamepiga kura Machi 29, na matokeo ya urais yalikuwa bado yamekaliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sera ya Pretoria kwa jirani wake: kusemezana faraghani, kutomuudhi mzee, kungoja. Walioilalamikia waliambiwa kwamba mambo ya nchi za nje yana wenyewe.

Siku hizo hizo meli ya Kichina, An Yue Jiang, ikatia nanga nje ya bandari ya Durban. Ilikuwa na kontena sita za silaha za jeshi la Zimbabwe, tani 77 kwa jumla: risasi karibu milioni 3, roketi 1,500 na makombora ya mota zaidi ya 3,000. Zimbabwe haina bahari, kwa hiyo mzigo ungeshushwa Durban kisha usafirishwe kwa barabara. Kamati ya serikali inayosimamia silaha ilikwisha kutoa kibali. Msemaji wa serikali alieleza kwamba Afrika Kusini haiwezi kuingilia biashara ya China na Zimbabwe. Kwa upande wa wakubwa, shauri lilikuwa limefungwa.

Lilifunguliwa na watu wasio na kiti katika baraza lolote la mawaziri. Jarida la Noseweek lilipenyezewa habari za mzigo. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, SATAWU, kupitia katibu mkuu wake Randall Howard, kikatangaza kwamba makuli wanachama wake hawatazishusha kontena hizo, na madereva wa malori hawatazibeba. Askofu wa Kianglikana wa Natal, Rubin Phillip, akaenda Mahakama Kuu ya Durban akisaidiwa na mawakili wa haki za binadamu. Aprili 18, siku ambayo Zimbabwe huadhimisha uhuru wake, mahakama ilikizuia kibali. Meli iling'oa nanga kabla ya kukabidhiwa amri hiyo.

Haikupata pa kwenda. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi liliwatahadharisha wenzao bandari kwa bandari. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia, aliyekuwa mwenyekiti wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, aliziomba nchi za pwani zisiipokee. Ilipofika Luanda iliruhusiwa kushusha bidhaa za Angola tu. China ikatangaza kwamba meli inarudi nyumbani na silaha zake.

Tukio hili husimuliwa kama muujiza wa siku nne, na hapo ndipo tunapopotoka. Makuli wa Durban hawakuamka asubuhi moja wakagundua kwamba wana majirani. Shirikisho lao, COSATU, lilikuwa na udugu wa miaka mingi na wafanyakazi wa Zimbabwe, wale wale ambao chama chao kilizaa chama cha upinzani cha MDC mwaka 1999. Mwaka 2004 COSATU ilituma ujumbe Harare kujionea hali, ukafukuzwa nchini. Kwa hiyo makuli waliposikia kuhusu risasi zile, walijua zingeelekezwa kwa kina nani.

Nao peke yao wasingetosha. Mgomo bila mahakama ungeweza kuzungukwa kwa kuleta vibarua wengine au wanajeshi. Mahakama nayo ilihitaji sheria ya kushika, na sheria ya silaha ya mwaka 2002 ilikuwapo, ikiitaka kamati ipime haki za binadamu huko mzigo unakokwenda kabla ya kutoa kibali. Na bila mwandishi, wote wangelala usingizi huku malori yakivuka mpaka wa Beitbridge.

Tusiipambe hadithi kupita kiasi. Mbeki hakubadili msimamo kwa sababu ya meli moja. Vitisho na mauaji viliendelea Zimbabwe hadi kiongozi wa MDC, Morgan Tsvangirai, akajitoa katika duru ya pili ya uchaguzi wa urais mwezi Juni. Mbaya zaidi, mwezi mmoja tu baada ya ushujaa wa Durban, mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, Johannesburg, yakasambaa, na watu zaidi ya 60 wakauawa, Wazimbabwe wakiwamo. Unyonge peke yake haumfanyi mtu ampende jirani. Bandarini kulikuwa na chama, mikutano na viongozi wa kuulizwa. Vitongojini palitawala njaa na uvumi.

Sasa tuje kwetu. Septemba mwaka huo huo meli ya MV Faina ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikielekea Mombasa na vifaru 33. Serikali ya Kenya ilisema ni vya jeshi letu, huku nyaraka za mzigo zikiashiria Sudan Kusini. Wananchi wa Kenya walijua nini kinapitishwa katika bandari ya Kilindini, Mombasa, kwa hisani ya maharamia! Meli ilipoachiwa Februari 2009, vifaru vilishushwa na mjadala ukafifia.

Leo hatuna kisingizio cha kukosa nyenzo. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ibara ya 22 inamruhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya umma. Kenya na Tanzania zote mbili zilipitisha sheria za upatikanaji wa habari mwaka 2016, ingawa kisingizio cha usalama wa taifa kimeachiwa mlango mpana. Tunachokosa ni mazoea ya vyama vyetu vya wafanyakazi, misikiti na makanisa kuyaona ya Sudan, Kongo au Somalia kuwa sehemu ya kazi yao.

Kazi hiyo haianzi siku meli inapotia nanga. Chama cha makuli, cha madereva wa masafa marefu na cha mawakili viwe na wenzao wanaofahamiana nao Goma, Juba na Bujumbura, na viwatembelee wakati wa amani. Na wabunge wetu waulizwe swali moja kila mwaka: ni silaha gani zimepita katika bandari yetu, na zimekwenda kwa nani? Mbunge asiyeweza kujibu asitueleze habari za ujirani mwema.