Barua Zikipotea, Waambieni Wenyewe

Wiki hii siandiki habari za halmashauri wala bei ya maharage. Nina jambo limenikaa rohoni tangu mwaka 2018, na naomba mnivumilie, maana ndani yake mkosaji ni mimi.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani Kasulu nasubiri chuo. Kama vijana wengi wasio na shughuli, nikaenda kujitolea kwenye chumba cha kompyuta cha kikundi kimoja pale mjini. Jina la kikundi naliacha. Tulikuwa na kompyuta nne kuukuu, modemu moja, na watu wengi kuliko viti: wanakwaya, akina mama wa vikoba, wakulima wa kahawa, wanafunzi, wastaafu. Bando kwetu lilikuwa ghali, hivyo barua pepe za wanachama wote tuliziweka kwenye kompyuta moja. Asubuhi tunaunganisha mtandao, programu inavuta barua zote kutoka kwenye seva na kuzishusha kwenye diski yetu, kisha tunakata. Watu wanakuja kusoma na kujibu bila kula bando, na jioni tunaunganisha tena majibu yaondoke.

Utaratibu mzuri kabisa, isipokuwa kitu kimoja. Programu ilikuwa imepangwa kufuta barua kule kwenye seva mara tu ikishazishusha. Maana yake kila barua ilikuwa na makao mamoja tu duniani, nayo ni ile diski.

Kazi ya kutunza nakala ilikuwa yangu. Kila Ijumaa nachomeka flashi, nanakili, naandika kwenye daftari "nakala imechukuliwa", natia sahihi. Hivyo ndivyo nilivyoelekezwa na aliyenitangulia. Tangu Juni mpaka Oktoba sikukosa Ijumaa hata moja, na nilikuwa najisikia mtu wa maana.

Umeme wa Kasulu wakati ule ulikuwa wa majenereta, gridi ya Taifa ilikuja kutufikia mwaka 2022. Jumatatu moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili ile kompyuta haikuamka. Diski ikawa inalia tik, tik, tik. Wenzangu walishtuka, mimi sikushtuka. Nikatoa flashi yangu mfukoni, nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine, nikafungua.

Ndani mlikuwa na faili la kilobaiti 2.

Jamani, miezi yote ile nilikuwa nanakili ile alama ya njia ya mkato iliyo kwenye skrini, si folda yenyewe. Ni sawa na mtu aliyeambiwa ahifadhi nyumba, akahifadhi kibao kinachoonyesha njia ya kwenda kwenye nyumba. Barua za zaidi ya mwaka mzima, za watu zaidi ya arobaini, zilikuwa zimekwenda.

Sasa hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Hayo ya nyuma yalikuwa ujinga, na ujinga unasameheka. Tulikaa wanne, tukashauriana, tukakubaliana tusiseme kwanza. Labda fundi ataiponya diski, kwa nini tuwatie watu hofu? Kila aliyekuja tukamwambia, "Mtandao unasumbua." Tulisema hivyo kwa siku tisa.

Kati ya waliokuja kila siku alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu, leo vipi?" "Mtandao bado unasumbua, Mwalimu." Anashukuru, anachukua baiskeli yake, anaondoka.

Ili mwelewe mzee huyu alikuwa anasubiri nini, lazima niwaeleze Mtabila. Wilayani kwetu Kasulu palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyoitwa hivyo. Maelfu walivuka mpaka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, wakaishi pale, wakazaa, wakasomesha. Kambi ilikuwa na shule, makanisa na soko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifikiwa hata na mradi wa intaneti ulioungwa mkono na UNHCR na Global Catalyst Foundation, wakati sehemu nyingi za nchi yetu kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Agosti 2012 Warundi zaidi ya 35,000 walifutiwa hadhi ya ukimbizi, na mwisho wa mwaka ule kambi ikafungwa. Nilikuwa kidato cha kwanza, nakumbuka misafara ya magari yaliyojaa watu na magodoro. Leo Mtabila ni kambi ya JKT.

Mwalimu wetu alikuwa Mtanzania aliyefanya kazi za elimu ndani ya kambi kwa miaka mingi. Wanafunzi wake wakatawanyika. Kuna waliorudi Burundi. Kuna walioondoka mapema, kwa sababu Marekani ilichukua familia za wakimbizi wa mwaka 1972 kutoka kambi za kwetu kuanzia mwaka 2007. Na kuna waliokimbia tena mwaka 2015, wakajikuta Nduta kule Kibondo au Nyarugusu. Popote walipo, siku moja mtu wa ofisi anawauliza, "Ulisoma wapi? Nani anathibitisha?" Shule haipo, kambi haipo, mwalimu mkuu hajulikani alipo. Basi wanamwandikia Mwalimu. Yeye anafungua madaftari yake, anatafuta jina na mwaka, anajibu. Wao wanamtumia picha za ripoti zao za zamani azitunze, wasije wakazipoteza tena. Pole pole sanduku lake la barua likawa rejista ya shule isiyokuwepo.

Na rejista hiyo ilikuwa kwenye diski yetu.

Siku ya tisa fundi akatuambia hakuna kitu. Wenzangu wakanitazama, maana daftari la nakala lilikuwa na sahihi yangu. Nilimfuata Mwalimu nyumbani kwake nikamweleza kila kitu, mpaka habari ya kilobaiti 2. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba binti mmoja wa Bujumbura alimtumia fomu ya chuo aijaze na kuirudisha, na siku ya mwisho ya kuirudisha ilikuwa imepita siku tatu nyuma. Namba ya simu ya binti huyo anayo kwenye daftari lake. Kama tungemwambia siku ya kwanza, angempigia atume fomu upya. Alikuwa anasubiri mtandao utengemae.

"Diski kufa nimeelewa," alisema. "Hata hilo la kunakili nimeelewa, wewe bado mtoto. Lakini siku tisa ulinitazama usoni, mwanangu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nimesimulia haya si ili mnionee huruma. Nina hoja. Sehemu nyingi za nchi yetu mawasiliano ya watu yako mikononi mwa vijana wanaojitolea: kompyuta za vikundi, za parokia, za misikiti, za vyama vya ushirika. Mambo yakiharibika tunagawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanasema hawa wanajitolea, hawalipwi, tusiwalaumu. Wa pili wanasema hawa ni watoto, wafukuzwe, aletwe mtaalamu. Mimi naona kambi zote mbili zinakosea. Kujitolea hakumzuii mtu kuharibu kitu, na utaalamu vile vile haumzuii.

Sikilizeni kisa cha GitLab, kampuni ya wataalamu watupu inayotunza kazi za watengeneza programu wa dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017 mfanyakazi wao mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye mashine ambayo siyo, gigabaiti zipatazo 300. Walipokimbilia nakala zao wakagundua kwamba kati ya njia tano walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Njia mojawapo ilikuwa inashindwa kila siku, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mfanyakazi aliichukua kwa ajili ya jambo lingine kabisa. Mnaona? Kilobaiti 2 zangu zina ndugu zake huko kwa wakubwa.

Lakini tazameni walichofanya baadaye. Waliweka kumbukumbu za kazi ya kurejesha data hadharani, wakarusha moja kwa moja mtu yeyote atazame wanavyohangaika, wakasema nini kimepotea na kipi hakitarudi. Yule mfanyakazi hawakumtoa kafara. Wenye mali walijua siku ile ile kwamba mali yao imeguswa, wakaweza kujipanga. Hicho ndicho alichokosa Mwalimu wetu, na hakihitaji fedha wala shahada. Karatasi moja mlangoni ingetosha: "Barua zilizofika kabla ya leo zimepotea. Mwenye jambo la haraka awasiliane na aliyemwandikia." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha maradhi, kifo kikamuumbua mtu mwingine.

Najua kuna atakayesema, "Ndugu, hayo ni ya zamani, siku hizi barua ziko hewani." Haya. Enzi za watu kupanga foleni kwenye intaneti kafe, Hotmail ya bure ilikuwa na nafasi ya megabaiti 2 tu, na usipoifungua siku 30 barua zako zote zinafutwa. Fikiria mtu wa kambini anayefika mjini mara moja kwa mwezi. Leo nafasi ni kubwa, lakini tangu Desemba 2023 Google nao wanafuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Na ukisahau neno la siri, namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye laini ya simu. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini kwetu. Laini ikizimwa, na mlango wa barua unaweza kufungwa nayo. Sisemi watu wasitumie hizo huduma. Nasema hata huko mtu anahitaji nakala ya kwake, na kijijini atakayemsaidia kuitunza ni yule yule kijana anayejitolea.

Basi kijana huyo tumpe nini? Sifa tumempa za kutosha. Kwanza tumpe diski. Wanachama arobaini wakichanga kidogo kidogo diski ya ziada inapatikana, na ikae nyumba nyingine, si kwenye kabati lile lile linaloweza kuungua pamoja na kompyuta. Pili tumpe zamu ya kujaribu. Kila mwezi mtu mwingine, si yule aliyenakili, achukue ile nakala, aifungue kwenye kompyuta nyingine, arudishe barua moja na kuisoma mbele ya mwenyewe. Daftari langu lilikuwa limejaa sahihi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia, "Hebu tuone." Mali bila daftari hupotea bila habari, ndiyo, lakini na daftari lenyewe likaguliwe.

Tatu, tumpe kiapo. Anayetunza nakala ameshika siri za watu: ndoa, madeni, magonjwa, kesi za mashamba, na kwa mkimbizi hata majina ya waliomfanya akimbie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hata kabla ya sheria, adabu ilitosha: nakala ifungwe kwa neno la siri, na barua ya mtu isifunguliwe bila yeye kuwepo.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, tumpe ruhusa ya kusema "nimeharibu". Sisi wanne tulinyamaza kwa sababu tuliogopa kufukuzwa na kuaibishwa. Kikundi kikiamua mapema kwamba anayesema siku ile ile hafukuzwi, na anayeficha ndiye mwenye kesi, hakuna kijana atakayemdanganya mzee siku tisa.

Mwalimu aliniagiza jambo moja tu: niandike kwa wanafunzi wake wote ambao anwani zao alikuwa nazo kwenye madaftari, niwaeleze nani alipoteza na kwa vipi, niombe watume upya. Nilikaa naye jioni kadhaa, yeye anasoma anwani, mimi naandika. Baadhi walijibu, wengine mpaka leo kimya. Yule binti wa Bujumbura alijibu. Chuo mwaka ule kilimpita.

Kama unajitolea mahali na umeshika nakala za watu, Jumamosi hii ifungue. Jaribu kurudisha barua moja tu. Ikikataa, usimwite fundi kwanza. Waambie wenyewe, kabla jua halijazama.