Barua pepe haifiki? Huenda seva imetaja jina nusu

Ankara imetumwa, mteja anasema hajaona kitu. Lawama huenda kwa mtandao, kumbe tatizo ni jina.

Seva inayotuma barua pepe hubisha hodi kwanza kwa seva inayopokea na kujitambulisha. Kanuni za kimataifa, toleo la 2008, zinaitaka itaje jina kamili, mfano barua.duka.co.tz. Lakini seva iliyofungwa harakaharaka hujitaja "localhost" tu. Ni sawa na mgeni wa usiku anayeulizwa "nani?" akajibu "mimi".

Zamani wengi walipita hivyohivyo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza. Kwa Gmail, anwani ya IP ya mtumaji lazima ioneshe jina, na jina hilo lirudi kwenye anwani ileile. Visipolingana, barua inaweza kukataliwa au kutupwa kwenye spamu.

Anayeumia zaidi ni mdogo. Kampuni kubwa ina fundi wake. Shule au duka linalokodi seva halina, na rekodi inayotoa jina kutoka kwenye anwani iko mikononi mwa mwenye anwani, kwa kawaida kampuni inayokodisha.

Kuiachia kompyuta ikisie jina lake si dawa, maana mara nyingi husoma faili la ndani ambalo seva za nje hazilijui. Jina liandikwe wazi kwenye mipangilio, mkodishaji aombwe kuweka lilelile, kisha lijaribiwe kabla ankara nyingine haijapotea.