Bingwa wa ubongo haajiriwi kwa mshahara tu

Mwalimu aliyefundisha miaka mingi huenda amemwona mwanafunzi akianguka kwa kifafa darasani, au mtoto hodari akirudi kutoka hospitalini, baada ya malaria kumpanda kichwani, akiwa mzito wa kushika masomo. Watafiti waliopiga kambi Kilifi tangu mwaka 1989 wameonyesha kwamba malaria ya ubongo yaweza kumwachia mtoto kifafa na udhaifu wa kujifunza.

Ndiyo maana nashikilia kwamba vyuo vikuu vyetu vya umma vinahitaji mabingwa wa sayansi ya ubongo na neva, tena waliokomaa katika kazi. Bingwa wa aina hiyo haji na shahada pekee. Ajua kutafuta fedha za utafiti, kuwaongoza wanafunzi wa uzamifu na kumlea mhadhiri chipukizi, ambaye kesho naye atawalea wengine.

Je, tutampataje? Wako wanaodai kwamba dawa ni kuongeza mshahara. Sikatai kwamba mshahara una uzito wake. Mgomo wa mwaka 2025, ambapo wahadhiri walikaa nje siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9, hauwezi kumshawishi Mkenya aliye ng'ambo kufunga mizigo arejee. Hata hivyo, mtafiti hatazami mfuko wake peke yake. Huko Marekani, profesa wa fani hii anapoitwa na chuo kikuu cha umma, hujadiliana nacho kwanza juu ya fedha za kuanzisha maabara: darubini, vyombo vya kupima umeme wa neva, mafundi, na nafuu ya vipindi ili apate wasaa wa kutafiti. Mtafiti asiye na hayo ni mvuvi asiye na wavu.

Tumtazame fuko asiye na manyoya, mnyama wa nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 2008 watafiti wa Chicago na Berlin walitangaza kwamba ngozi yake haihisi uchungu wa asidi wala mwasho wa pilipili, jambo linalotoa mwanga kuhusu maumivu ya binadamu. Mnyama ni wa kwetu, lakini maabara zilizotoa habari hiyo ziko ng'ambo.

Maoni yangu ni kwamba chuo kisitangaze nafasi kabla ya kutenga maabara na fundi wake. Mgeni apunguziwe vipindi miaka miwili ya kwanza, na afungamanishwe na hospitali ya rufaa ili utafiti wake uwafikie wagonjwa. Asiyeweza kuhama kabisa aalikwe muhula mmoja kila mwaka. Nao wahadhiri waliovumilia hapa nyumbani watumie vyombo hivyo hivyo, wasije wakageuzwa watazamaji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye hukaa palipotandikwa.