MAMBO YA NYUMBANI: Nguo za Safari ya Majini Wakati wa Baridi na Mvua



Sisi wakaaji wa Ruhembe tu watu wa bara. Twajua mashamba ya miwa, twajua tope la masika, na twajua Mto Ruaha Mkuu ukifurika. Lakini bahari wengi wetu huiona siku ya safari tu. Walakini safari hizo zipo. Huyu ana dada aliyeolewa Unguja, yule mwanawe amepata kazi ya ualimu Mafia. Basi hushuka kwa gari kupitia Mikumi na Morogoro mpaka pwani, na huko hupanda chombo. Wahenga walisema, Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nami naongeza: wala hujui baridi yake.

Mama mmoja wa huku kwetu alisafiri kwa mashua mwezi wa Julai. Alivaa gauni jipya la pamba, na mtoto wake mchanga alimfunga mgongoni kwa kanga, maana alidhani pwani ni joto siku zote. Kumbe upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na mawimbi yakawarushia maji tangu kutweka tanga. Mvua nayo ikanyesha. Kabla ya kufika, mtoto aliacha kulia, akalegea. Mzee mmoja abiria akamwambia, "Mwanangu, mvue mtoto nguo hizo upesi, umweke kifuani pako." Kisha akatoa shuka kavu aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akawafunika wote wawili. Mtoto akapona. Gauni zuri halikumfaa kitu siku ile. Kilichofaa ni shuka kuukuu lililokuwa kavu.

Mtu atauliza, yawezekanaje kuona baridi kali katika nchi ya joto? Tazameni mtungi wa udongo. Maji hupenya udongo wake, upepo huyakausha kwa nje, na kwa kukauka huko maji ya ndani hupoa. Mtu aliyevaa nguo iliyolowa, akikaa penye upepo, amegeuka mtungi: joto la mwili wake latoka kila dakika. Damu yetu ina joto la digrii 37. Likishuka chini ya digrii 35, huo ni ugonjwa wa hatari. Watoto wachanga na wazee hupoa upesi kuliko wengine.

Basi yafaa kuchagua nguo kwa mpango huu.

Kwanza, nguo ya ndani isiwe ya pamba. Pamba hunywa maji mengi, hukawia kukauka, na ikilowa hushikamana na ngozi. Fulana nyepesi ya nailoni, kama wavaazo wachezaji wa mpira, ni bora.

Pili, juu yake vaa sweta ya sufu, kwa sababu sufu hutunza joto hata ikiwa imelowa. Sweta za namna hiyo hupatikana katika mitumba kwa bei ndogo. Ukitaka kuijua sufu, chomoa uzi mmoja, uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, pamba hunuka kama karatasi, na nailoni huyeyuka ikawa tone gumu.

Tatu, juu ya hizo vaa koti la mvua lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia. Asiye na koti na atoboe mfuko mkubwa wa nailoni mahali pa kichwa na mikono. Hauna sura njema, lakini wazuia upepo. Kichwa cha mtoto kifunikwe, ila pua na mdomo visizibwe kamwe.

Nne, juu ya nguo zote lije jaketi la kujiokolea, kamba zake zikiwa zimekazwa. Watu wengi hulikalia kama mto! Tukumbuke tarehe 18 Julai 2012, meli iitwayo Skagit ilipopinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi wakafa. Saa ya hatari hakuna nafasi ya kutafuta kamba. Na aangukaye majini asivue nguo zake, maana hupunguza kasi ya kupoa. Na akunje magoti kifuani, akingoja kuokolewa.

Tano, katika mfuko uliofungwa vizuri weka nguo kavu na shuka moja. Mfuko huo ukae mkononi mwako, usipakiwe chini pamoja na mizigo.

Mkimwona mwenzenu anatetemeka, ulimi wamwia mzito, na mikono haiwezi kufunga kifungo, msingoje. Mtoeni penye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mfunikeni mwili na kichwa, na akiwa na fahamu zake mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimpe pombe: humfanya ajione ana moto, kumbe yazidi kulitoa joto lake nje. Na kama ameacha kutetemeka huku akisinzia, hali imezidi kuwa mbaya. Mpelekeni hospitali upesi.

Wala msidhani haya ni ya baharini tu. Mkata miwa aliyenyeshewa tangu alfajiri, na mtoto aliyepakiwa juu ya lori usiku wa mvua kutoka Mikumi, nao ni mitungi penye upepo.

Baba mwenye nyumba, mwezi huu ukitaka kumnunulia mkeo nguo ya safari, usiulize kwanza itapendezaje ikiwa kavu. Uliza, ikilowa itakuwaje?

Kwaherini mpaka mwezi ujao.