Saa ya Ndege na Saa ya Msafiri



Wengi wenu mlio vijijini Kagera mna watoto huku Dar es Salaam: wengine Mbagala upande wa Temeke, wengine Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni. Ukitokea msiba, mtoto hupigiwa simu naye hujibu, "Nakuja kwa ndege." Basi nyumbani husema, "Ndege si kitu, adhuhuri atakuwa hapa." Adhuhuri yapita, kaburi li wazi, mtoto haonekani, na maneno yanaanza: "Mji umemharibu, hatujali tena." Kabla ya kumhukumu, na tufanye hesabu pamoja.

Tuchukue viwanja viwili vya kaskazini, Mwanza na Bukoba. Kwa mstari ulionyooka juu ya Ziwa Viktoria ni kilomita 175 hivi. Mwenye gari hana budi kulizunguka ziwa: avuke daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, apite Geita hadi Muleba. Njia hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya angani.

Ndege ya panga boi huenda kilomita 500 hivi kwa saa. Gawanya 175 kwa 500, utapata dakika 21. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Hupanda polepole, hupunguza mwendo ili ishuke, na huzunguka ili iuelekee uwanja. Kwa hiyo hesabu nusu saa na zaidi.

Je, hayo ndiyo yote? La. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 kwa njia ya angani. Tena mtoto wa Bunju auvuke kwanza mji mzima hadi uwanja wa Julius Nyerere, Kipawa. Magari yakisongamana, safari hiyo huchukua muda mrefu kuliko kuvuka ziwa. Uwanjani atakiwa kufika mapema sana kabla ya ndege kuruka. Akibadili ndege Mwanza, atangoja tena. Akishuka Bukoba, bado kuna gari la kwenda kijijini.

Kuna pia hali ya hewa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, asubuhi yenye hewa mbaya. Walikuwamo watu 43, 19 walikufa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kuokoa. Basi rubani akikataa kutua katika mvua na kurudi Mwanza, msimlaumu. Amewalindia mtoto wenu.

Yafaa tufanye hivi. Kwanza, msafiri asitaje muda wa kuruka. Ataje saa atakayofika mlangoni, na aongeze saa za akiba. Pili, wazee wasipange saa ya maziko mpaka wasikie kwamba ametua Bukoba. Tatu, ikiwa maiti haiwezi kungoja, mzikeni bila kinyongo, na mtoto akifika matangani mpokeeni kwa mikono miwili. Aliyechelewa kwa ajili ya mawingu hakumsahau mama yake.