Mji wa Sifa za Kuazima

Alipofariki dunia mkimbiaji wa Uganda, Rebecca Cheptegei, tarehe 5 Septemba 2024, habari zilizoenea ulimwenguni ziliandikwa kwa jina la Eldoret. Yakini, hapo ndipo alipokata roho. Lakini hakumwagiwa petroli na kuchomwa Eldoret. Kisa hicho kilitokea Endebess, katika Trans Nzoia, Jumapili ya tarehe 1. Eldoret ililetewa majeruhi, ikampokea katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, na madaktari wakahangaika naye siku kadha. Mji uliojaribu kuokoa ukatiwa katika daftari la miji iliyoua.

Tumeyakumbuka haya kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka kwa msichana wa kidato cha tatu, mkazi wa mtaa wa Langas, Eldoret. Jina lake tunalihifadhi. Asema kila aendapo mashindano ya muziki ya shule, akishajitambulisha atokako, huulizwa maswali mawili, tena kwa mpango ule ule. La kwanza: je, wewe hukimbia? La pili, kwa sauti ya chini: huko kwenu siku hizi kuna amani? Yeye, kwa maelezo yake, hawezi kukimbilia hata matatu. Na vita anavyoulizwa vilipiganwa kabla hajazaliwa. Shauri lake ni kwamba waandishi na wapiga picha huijua Eldoret siku mbili tu, siku ya nishani na siku ya moto, na kwamba laiti wangeuacha mji huo miaka kumi bila kuutaja, ungepona.

Nusu ya barua hii imetufurahisha. Nusu ya pili imetutia mashaka.

Tuanze na ile ya kwanza. Eldoret ni mji ulioitwa majina na watu wa nje tangu mwanzo wake. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910, mahali hapo pakiitwa Sitini na Nne, kwa nambari ya shamba katika ramani ya wazungu, na wenyeji wakalitamka neno hilo la kigeni kwa ndimi zao: Sisibo, na wapo waitao hivyo hadi leo. Jina la Eldoret likaja mwaka 1912, kwa kufuata neno la Kimasai lihusulo mawe ya mto Sosiani. Siku hizi mji huo umekuwa kapu. Lolote litokealo Nandi, Iten au Kaptagat hutiwa humo, kwani uwanja wa ndege uko Eldoret, hoteli ziko Eldoret, na mwandishi aliyetoka Nairobi asubuhi ataka kurudi kwake jioni.

Hata mabingwa wenyewe! Kipchoge Keino, aliyetwaa dhahabu Mexico mwaka 1968, ni mzaliwa wa Nandi. Eliud Kipchoge vilevile, na kambi aliyofanyia mazoezi iko Kaptagat. Eldoret ikajiita Mji wa Mabingwa, na ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024 ilikuwa imekwisha kulizoea jina hilo kitambo. Hatusemi imeiba. Keino alihamia huko akajenga makao ya mayatima na shule, na mtu huwa wa pale alipojenga. Ila mwenye kupokea sifa za jirani atawezaje kukataa misiba ya jirani? Hilo binti yetu hakuligusa.

Sisi watu wa pwani twaijua adha hii. Mtu wa Mombasa akifika bara huulizwa kama amekuja na majini yake. Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipotoa onyo juu ya Mombasa, mamia ya watalii walipakiwa ndegeni wakarejeshwa kwao, na wapishi na madereva ambao hawakumrushia mtu hata jiwe wakakosa kazi. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliitaja Uasin Gishu na Mombasa katika orodha moja ya kaunti zenye hatari. Kura zikapigwa, Eldoret haikuungua. Moto usiowaka hauna picha, basi habari hiyo ikapita kimya.

Sasa nusu ya pili. Kiambaa si aibu ya kuazima. Kijiji hicho kiko nje kidogo ya Eldoret. Tarehe 1 Januari 2008, siku mbili baada ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi wa rais, kanisa lilitiwa moto huku watu waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto, wamo ndani. Wapatao 30 walikufa. Maelfu ya waliofukuzwa makwao walipiga mahema katika uwanja wa maonyesho wa mji. Picha zilifika kila pembe ya dunia, na zilistahiki kufika.

Lawama ya haki juu ya wenye kamera ni kwamba waliondoka. Shahidi aliyeona mwanzo akenda zake kabla ya hukumu, ushahidi wake una kasoro. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachia huru watu wanne walioshtakiwa kwa moto ule, na Jaji David Maraga akalaumu uchunguzi wa polisi. Kesi ya The Hague iliyohusu machafuko ya Bonde la Ufa ikasimamishwa tarehe 5 Aprili 2016, pasipo mtu kupatikana na hatia. Muulize mtu wa Lamu au wa Kisumu: picha ya kanisa ataikumbuka, lakini ya mahakama ya Nakuru huenda asiwe na habari nayo. Na maadam hakuna aliyehukumiwa, hatia imebaki ikielea, ikatua juu ya jina la mahali. Ndiyo maana huulizwa yeye, mtoto ambaye hakuwapo. Miaka kumi ya kimya, mwanangu, haitakutoa katika swali hilo. Itawasaidia waliolitia moto.

Wahariri watakaotuma wapiga picha Eldoret kwa uchaguzi wa 2027 twawaomba wawatume mapema, siku isiyo ya mbio wala ya kura. Waende Kiambaa wakawaulize waliosalia ni nani aliyewahi kurudi kuwauliza. Kisha wapite mjini msimu wa mavuno, malori ya mahindi yamepanga foleni nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka, na wakulima wamelala juu ya magunia wakingoja kupimiwa.