Hulka ya Msanii Mtangulizi: Uzushi Unaotuponza

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya majaribio katika fasihi, huwaomba wanafunzi wangu wanichoree kwa maneno msanii mtangulizi, yaani yule anayevunja kanuni za sanaa ya zama zake. Majibu hufanana kana kwamba yamenakiliwa kutoka daftari moja: ni mtu wa nywele timutimu, mpweke, mkorofi, asiyejali saa wala wakubwa, mwenye chembe ya wazimu. Nikiketi na maofisa wa umma katika kamati, naisikia picha ileile. Tofauti ni kwamba wanafunzi huisema kwa kuihusudu, na maofisa huisema kwa kuishuku.

Nadai kwamba picha hiyo ni uzushi, na kwamba uzushi huo unatugharimu.

Tuanze na neno lenyewe. Wafaransa walilitoa jeshini. Lilitaja kikosi kinachotangulia mbele ya jeshi kuikagua njia. Askari wa kikosi hicho hutangulia kwa sababu anajua wenzake watapita hapo hapo. Anayejiendea porini bila kujali kama kuna jeshi nyuma yake ana jina jingine: mtoro.

Sasa tutazame mfano wa kwetu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani. Ukazuka ubishi mkali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Upande mmoja ulidai kwamba mashairi hayo ni nathari iliyokatwakatwa, na kwamba watungaji wa aina hiyo wameelemewa na mizani wakatafuta njia ya mkato. Miaka mitatu kabla, mwaka 1971, riwaya yake ya Rosa Mistika ilikuwa imetoka, nayo ikazuiwa shuleni kwa muda, kwa kuwa ilisema waziwazi yale ambayo jamii ilipenda kuyasema chinichini kuhusu yanayowapata wasichana.

Je, mvunja kanuni huyu alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, na kazi yake ilikuwa ualimu. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1976, wino wa Kichomi ukiwa haujakauka vizuri, aliandika tasnifu ya umahiri. Kuhusu nani? Kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Mtu aliyetuhumiwa kuyazika mapokeo alikuwa ameketi na vitabu vya mkuu wa mapokeo hayo, akivichambua kimoja kimoja. Kisha akaenda kusomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akaihitimisha mwaka 1985. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi zinazouvunja mfuatano wa visa tuliouzoea. Kutoka Kichomi hadi Nagona ni miaka 16. Hasira za ujana hazidumu hivyo. Kinachodumu hivyo ni kazi.

Hata Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1917 alipeleka beseni la kukojolea kwenye maonyesho ya sanaa huko New York, husimuliwa kwetu kama mtundu aliyefanya mzaha. Waandaaji walikuwa wameahidi kupokea kazi ya kila msanii aliyelipa ada, na bado kazi yake haikuonyeshwa. Alikuwa ameijaribu ahadi yao, ikavunjika. Mtu huyo miaka michache kabla alikuwa mfanyakazi wa maktaba mjini Paris.

Nitajibiwa kwamba wapo watangulizi walioishi kwa vurugu. Ni kweli. Wapo pia walevi na wakorofi wengi mno ambao hawajawahi kutunga ubeti mmoja. Tabia hizo hazitufundishi lolote kuhusu sanaa.

Gharama ya uzushi huu naijua kwa sababu nami niliwahi kuusababishia mtu hasara. Nilipokuwa mhadhiri kijana, mwanafunzi mmoja wa kike aliniletea shairi lisilo na vina kuhusu foleni ya maji mtaani kwao. Mistari ilikatika ghafla, kama maji ya bomba yanavyokatika. Alikuwa binti mpole, nadhifu, anayewahi kipindi. Hakufanana hata kidogo na mvunja kanuni niliyekuwa naye kichwani, basi nikahitimisha kwamba hakujua alitendalo. Nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Jifunze kanuni kwanza, ndipo uzivunje." Juma lililofuata aliweka mezani pangu tarbia ya beti saba, vina na mizani bila kasoro, akaondoka bila neno. Hakuniletea shairi jingine tena. Mwaka huohuo nilimsifu kijana mwingine aliyekuwa akichelewa, akibishana na kila mtu, na kuandika ovyo. Nilikuwa nimesahihisha watu badala ya maandishi.

Hilo ndilo kosa ninalolipinga. Tukishaamini kwamba utangulizi ni hulka, tunaacha kuisoma kazi. Mwanafunzi anavaa uasi kama kanzu ya kuazima na kudhani ameshatunga. Ofisa anayeamua kitabu gani kiingie shuleni anamuuliza mwandishi ni mtu wa aina gani, ilhali swali la haki ni kitabu kinasema nini na kwa nini kimelazimika kukisema kwa namna hiyo.

Kwenu wanafunzi: kabla ya kutangaza kwamba mmeiacha mizani, ihesabuni. Kwenu wanaharakati: msitafute mtangulizi kwenye kelele peke yake, huenda ameketi kiti cha nyuma, kimya, na daftari lake. Na kwenu watumishi wa umma: faili litakapofika mezani likiwa na kazi isiyofanana na lolote mlilowahi kuliona, lifungueni na kulisoma hadi mwisho kabla ya kuuliza aliyeliandika ni nani.

Mimi ningesoma shairi lile la foleni ya maji hadi mwisho, leo ningekuwa na la kuwaonyesha.